Mbwa wa Shangazi na Kiti cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kukumbukwa! Shangazi ametangaza, akiwa bado anapaka siagi mkate wake, kwamba anaondoka. Anakwenda ng'ambo, nchi ya joto, akakae huko muda mrefu mpaka magoti yake yaache kulia kama bawaba za mlango. Daktari wake amesema baridi ya mji huu ndiyo inayomla viungo. Rafiki yake wa siku nyingi ana nyumba huko, yenye vyumba vitupu na ua mpana, naye amechoka kumwita.

Nilimpongeza kwa hotuba fupi. Akaniomba nimsogezee jamu.

Kisha likaja neno lenyewe. Shangazi haendi popote bila mbwa wake. Wako wawili. Jemadari ni mzee mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye nyonga mbovu na hofu ya miavuli. Chozi ni jike mdogo, mweupe, mwenye alama nyeusi chini ya jicho, kana kwamba amepata habari mbaya asubuhi hiyo hiyo. Shirika la ndege lina kanuni yake: kila mbwa awe na abiria wake. Shangazi ni abiria mmoja. Kwa hiyo kuna kiti cha pili, na kiti hicho kinamtaka mtu.

Mtu huyo ni mimi. Jambo hili halihitaji hoja, ila nimeziandaa. Mimi ni mhitimu wa falsafa. Nimesoma habari za nchi za joto: mimea yake, maradhi yake, mielekeo ya pepo zake. Sina ajira inayonifunga, jambo ambalo Shangazi amekuwa akilitaja kama kasoro. Leo limegeuka sifa!

Mpinzani ni mmoja tu: binamu yangu, mtoto wa kaka mwingine wa Shangazi, ambaye naye anaishi hapa, chumba kimoja nami, kabati moja nami. Ni fundi wa friji. Kazini walimpa jina la Barafu, na linamkaa vizuri: hazungumzi, hashtuki, hasomi. Nikauliza mezani kama ni busara kumpeleka Barafu nchi ya joto. Si atayeyuka? Hakucheka mtu. Chozi alipiga chafya.

Shangazi amesema ataamua baada ya daktari wa wanyama kuwaona mbwa. Mimi sikuona sababu ya kungoja. Jioni nilipita kwa kinyozi nikamwarifu kwamba naondoka kwenda ng'ambo kwa shughuli za kitaalamu. Kinyozi alizima mashine, akawatangazia wateja wote. Wakapiga makofi. Mmoja alinishika mkono huku povu likimtiririka shingoni.

Sasa hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Daktari wa wanyama amekuja. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono imara na subira kidogo kwa nadharia. Amewachoma mbwa chanjo ya kichaa, na chini ya ngozi ya shingo amewapachika kidude kidogo cha utambulisho. Nilitumia fursa hiyo kumweleza kwamba suala la utambulisho limewasumbua wanafalsafa kwa karne nyingi: je, mbwa aliyepanda ndege ndiye yule yule atakayeshuka? Alisema ndiyo, akaniambia nimshike Jemadari kichwa.

Nilimwachia Barafu kazi hiyo. Kila mtu na kipaji chake.

Tatizo, akasema daktari, si sindano. Tatizo ni kizimba. Mbwa watasafiri kila mmoja ndani ya kizimba chake, safari ndefu, gizani, kwenye chumba cha mizigo. Mbwa asiyeweza kulala kizimbani kwa utulivu hapewi cheti cha afya. Na Jemadari kwa umri wake, akitaharuki huko angani, moyo unaweza kumshinda. Hapo Shangazi aliweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wasipokwenda hao wawili, naye haendi. Magoti yalie tu.

Daktari atarudi Alhamisi ya wiki ijayo kuwapima ndani ya vizimba. Mimi na Barafu tutakaa nao kwa zamu. Yule ambaye mbwa watatulia kwake ndiye atakayekalia kiti cha pili.

Mtihani! Sijawahi kushindwa mtihani. (Ule wa takwimu haukuwa wa haki, na nilikata rufaa.)

Pale mlangoni nilimsikia daktari akimpa Shangazi ushauri: kizimbani wekeni nguo aliyoivaa mtu atakayesafiri nao, wala msiifue. Mbwa humjua mtu kwa pua. Nimelihifadhi neno hilo. Ni la kawaida kidogo, lakini nitalipa msingi wa kinadharia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza na jambo ambalo daktari, kwa elimu yake ya vitendo, hakulifikiria: joto. Mbwa hawa wamezaliwa kwenye ukungu. Watashukaje kwenye nchi ya joto bila maandalizi? Kiumbe chochote huzoea mazingira hatua kwa hatua. Nilimweleza Barafu akiwa anafunga viatu. Akasema, "Profesa, waache mbwa wa watu." Akaenda kazini. Ndivyo walivyo wasiosoma.

Shangazi alipotoka kwenda sokoni nilitengeneza nchi ya joto bafuni. Maji ya moto yaliyofunguliwa hadi mwisho. Hita ya sebuleni. Birika mbili. Ili unyevu uwe wa kweli, nilitundika kamba na kuanika mashati yangu yote, yakiwa yamelowa chapa chapa. Mandhari ilipendeza sana. Mvuke ulitanda. Nikawaingiza mbwa kwa kipande cha mkate, nikafunga mlango, nikaketi ukingoni mwa beseni na kitabu kuhusu misitu ya mvua.

Kwa muda mambo yalikwenda kisayansi. Kisha Jemadari akasimama kwa miguu ya nyuma (pamoja na nyonga yake!), akausukuma mlango, wakatoka wote wawili. Mlango ukajirudisha. Nilipojaribu kuufungua, kitasa kikabaki mkononi mwangu.

Nadharia yangu ilithibitika kwa upande mmoja: mwanadamu hazoei hatua kwa hatua. Nilipiga kelele. Nilikariri kwa sauti hoja kadhaa za kunipa utulivu. Shangazi aliporudi aliona moshi, kama alivyouita, ukitoka chini ya mlango, akapiga yowe la moto ambalo majirani wote waliliitikia. Barafu aliitwa kutoka kazini. Alifungua bawaba kwa bisibisi, akanitoa kwa kunishika makwapani, akanilaza barazani. Jemadari alinilamba kisigino kwa mashaka.

Shangazi aliniuliza kama nina homa au ndiyo akili zangu za siku zote. Nikajibu kwamba swali lake lina chaguo mbili tu wakati ukweli una nyingi. Akaniambia nikae kimya ninywe maji.

Madhara: rangi ya dari imebambuka. Mashati yangu yote yanatoa harufu ya uyoga. Na mvua imeanza, haina dalili ya kukatika. Hakuna kitakachokauka wiki hii. Nimelazimika kuvaa shati la Barafu, lile la buluu. Linanibana mabegani. Elimu hupanua kifua.

Ijumaa, 7 Machi

Vizimba vimeletwa. Viwili, vya plastiki ngumu, vyenye mlango wa nondo. Vimewekwa sebuleni kati ya kochi na redio. Jemadari amevinusa na kuvikojolea. Chozi amekwenda kulala chini ya meza akiwa ameelekeza uso ukutani.

Wakati wa mbinu kuu umefika! Nguo niliyoivaa, isiyofuliwa. Harufu ya mhitimu ikiwazunguka usiku na mchana. Siku ya mtihani nitaketi kando yao nao watasinzia kama watoto wachanga. Barafu ataketi, nao watalia. Nani atabishana na pua?

Nilivaa shati la buluu la Barafu kwa muda mrefu wa kutosha kusoma sura nzima kuhusu hisia za wanyama, nikiwa nimekaa karibu na jiko ili nitoke jasho. Kisha nikalivua, nikalitandika kizimbani kwa Jemadari. Nikachukua jingine kabatini, la michirizi, ambalo Barafu alikuwa amelivua jana baada ya kazi. Nikalivaa wakati wa kunywa chai. Hilo likawa la Chozi.

Matokeo: ya ajabu! Jioni Jemadari aliingia kizimbani kwa hiari yake, akazunguka, akajibwaga juu ya shati na kutoa pumzi ndefu kama mstaafu. Chozi alitoka chini ya meza, akaingia kwake, akazika pua kwenye kola. Shangazi alishika mdomo. Aliita, "Jamani, njooni muone!" Macho yalimlowa. Nilisema kwa unyenyekevu kwamba kazi ya fikra huonekana mwishoni.

Hakuna aliyeniuliza nimefanya nini. Sikusema. Mwanamkakati hafichui mkakati.

Nimepita kwa kinyozi. Amebandika ukutani karatasi ya kuniaga, imeandikwa kwa wino mwekundu: SAFARI NJEMA MTAALAMU WETU. Amenikata nywele fupi sana, za kunifaa joto la huko. Mvua inanyesha. Kichwa kinaniganda.

Jumapili, 9 Machi

Kuna mchezo mchafu nyumbani humu.

Jana mchana Barafu aliporudi kutoka kazini, mbwa wote wawili walitoka vizimbani mbio, wakamsindikiza kutoka mlangoni hadi jikoni. Jemadari alimwegemea gotini kwa uzito wake wote. Chozi alipanda juu ya kiatu chake akakaa. Zamani walikuwa wakimtikisia mkia kidogo tu, kama wanavyomtikisia mtu wa gesi.

Maelezo ni mamoja: rushwa. Ana nyama mfukoni.

Leo, alipokwenda kuoga, nilipekua mifuko ya koti lake. Nilikuta bisibisi, kipande cha waya wa shaba, na pipi ya mnanaa. Hakuna nyama. Ina maana anaificha kwingine. Ujanja wa hali ya juu, nisioutarajia kwake!

Nilimkabili wakati wa chakula. Nikamuuliza mbele ya Shangazi anawalisha nini mbwa. Akasema hawalishi kitu. Nikamuuliza, basi, kwa nini wanampenda. Alifikiri sana huku akitafuna. Akasema labda kwa sababu yeye hawahutubii.

Shangazi alicheka mpaka akalazimika kushika meza.

Kisha Barafu akalalamika kwamba haoni shati lake la buluu, wala la michirizi, wala ile fulana ya kazini. Nilimweleza kwamba umiliki ni dhana tete, na kwamba jamii zilizoendelea zimeitilia shaka. "Sawa, Profesa," akasema, "lakini kesho nivae nini, dhana?" Ufinyu wa mawazo. Fulana iko kwa Jemadari tangu asubuhi. Niliivaa kwa muda wa kupiga mswaki tu, lakini kwa bidii.

Jumanne, 11 Machi

Nimeimarisha vizimba. Niliongeza soksi (nilizivaa mikononi nikiandika) na kofia ya Barafu, ambayo niliivaa wakati wa kusikiliza taarifa ya habari. Vizimba sasa vinanuka harufu kali ya mtu. Nikaviinamia, nikavuta pumzi, nikaona fahari: hiyo ndiyo nafsi yangu, niliwaza, ikiwa imegeuka mazingira! Ilinijia pia harufu kidogo ya grisi na gesi ya friji. Labda ni plastiki.

Mchana, Shangazi aliniita nimsaidie kufunga mizigo. Kwa sababu ya magoti yake nilipanda mimi juu ya kiti kuteremsha sanduku. Ndani yake kulikuwa na mshipi wa zamani wa kumfungia mbwa, ngozi yake imelainika kama kitambaa. Alikaa nao mapajani kwa muda.

Akaniambia kwamba ulikuwa wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyemleta Jemadari nyumbani ndani ya koti, akiwa kitoto cha kushikwa kwa kiganja. Mzee alipofariki, Jemadari alikaa getini. Mvua, jua, getini. Kila gari likipita anainua kichwa. Miezi. "Nilikuwa namtoa kwa kumkokota, mwanangu," akasema. "Ananitazama kama anayesema, ngoja kidogo, anakuja." Hatamwacha getini mara ya pili, akasema. Hata kama ni kwa ajili ya magoti. Hata akiachwa na watu wazuri.

Nikakunja blanketi ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Kisha nikamwambia kwamba, kimantiki, mbwa hana dhana ya wakati ujao, kwa hiyo hawezi kusemwa kwamba anangoja. Shangazi alinitazama sana. Akaniambia nishuke kwenye kiti.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kila kitu. Historia ina haki zake.

Daktari alifika baada ya chai. Mbwa wakaingizwa vizimbani, milango ikafungwa, pazia likashushwa ili pawe na giza kama ndani ya ndege. Daktari aliwasha mashine ya Shangazi ya kusaga matunda, eti ndiyo injini. Shangazi aliketi kwenye kochi, mshipi ule wa ngozi mkononi.

Zamu yangu ilikuwa ya kwanza. Niliketi sakafuni kati ya vizimba viwili, nikiwa nimenyooka, nimevaa shati langu mwenyewe lenye harufu ya uyoga, kwani Barafu ameanza kulala na mashati yake yaliyobaki chini ya mto. Nikawaambia mbwa kwa sauti ya chini kwamba hofu ni hukumu isiyo sahihi kuhusu mambo yajayo.

Chozi alianza. Sauti nyembamba, kama ya birika. Ikapanda. Kisha Jemadari akaunga mkono kwa sauti ya ndani, ya msibani, akatia kucha kwenye nondo. Nilipoingiza mkono kumtuliza, alinusa vidole vyangu, akanusa shati lililo chini yake, akanusa tena vidole vyangu, akanitazama kama karani anayelinganisha sahihi mbili. Kisha akalia zaidi! Pumzi zilimpanda. Daktari alijiwekea masikioni kifaa chake cha kusikilizia moyo, akakigusisha kifuani mwa mbwa, uso ukambadilika. Shangazi alisimama, magoti yakapiga kelele. "Basi," akasema. "Basi, mtoeni. Siendi. Mtoeni mzee wa watu."

Barafu alikuwa mlangoni, ametoka kazini, ana grisi hadi kwenye viwiko. Hakungoja zamu yake. Alikuja, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye nondo.

Kimya.

Jemadari alilamba kiganja. Akajizungusha. Akajibwaga juu ya shati, akatoa ile pumzi ya mstaafu. Chozi alipiga miayo. Muda si muda injini ile ya matunda ilikuwa ikinguruma peke yake, na kutoka kizimba cha kushoto ikajibiwa na mkoromo.

Daktari alisikiliza tena kifua. Akasema moyo umetulia, cheti atakiandika. Kisha akainama, akavuta pembe ya nguo iliyokuwa chini ya Jemadari, akauliza ni ya nani.

"Hee!" akasema Barafu. "Shati langu!" Akachungulia kizimba cha pili. "Na kofia yangu! Na soksi! Shangazi, nimevuliwa kila kitu nyumba hii!"

Wote wakanigeukia.

Nilijitetea kwa ufasaha. Nikasema kwamba harufu, kwa mtazamo wowote wa haki, ni mali ya mvaaji wa mwisho. Barafu amezivaa nguo zile kwa miezi, ndiyo, lakini mimi nilizivaa baadaye, tena kwa kusudio. Kusudio ndilo linalobeba uzito. Daktari akauliza nilizivaa kwa muda gani. Nikasema muda si hoja. Akasema kwa mbwa ndiyo hoja pekee. Nikamwambia hapo anachanganya wingi na ubora.

Shangazi hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amepiga magoti, magoti hayo hayo, mbele ya kizimba cha Jemadari, analia na kucheka pamoja. Akasema bila kugeuka kwamba mbwa wameamua. Barafu anakwenda.

Barafu akageuka rangi. "Mimi? Kule juu?" Akakaa kwenye kochi. "Shangazi, mimi hata ngazi ya jirani sipandi!"

Anaogopa ndege! Nimepata tumaini.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi yangu leo ilikuwa moja na rahisi: kuikuza hofu ya Barafu mpaka akatae mwenyewe. Mbwa wana cheti sasa, na mtu akijitoa dakika za mwisho, nani atabaki? Hesabu nyepesi.

Nilimkuta uani anafungua friji ya jirani. Nikaketi juu ya ndoo, nikaanza kwa upole. Nikamweleza uzito wa ndege. Nikamweleza kwamba hakuna kitu chochote chini yake ila hewa. Akaacha kazi. Akatazama juu. Safi! Nikaendelea na baridi ya kule juu, inayoweza kumgandisha mtu akiwa ameshika kikombe. Akauliza, sasa ndani hawagandi kwa nini?

Hapa ndipo nilipoteleza. Swali zuri hunivuruga. Nikachora mchangani. Nikamweleza jinsi injini inavyoshindilia hewa, jinsi hewa iliyoshindiliwa inavyopata joto, jinsi inavyopozwa kabla ya kuingizwa kwa abiria. Nikamweleza bawa. Nilikunja karatasi, nikapuliza juu yake, ikanyanyuka. Nilikuwa kwenye kilele cha ufasaha wangu. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

Barafu alitazama mchoro kwa muda. Akatazama mtambo wa kushindilia gesi nyuma ya friji ya jirani. Akatazama tena mchoro.

"Kumbe ni kompresa," akasema.

Nikasema kwa maana fulani, ndiyo, lakini...

"Kompresa mbili kubwa! Profesa, kwa nini hukusema tangu mwanzo? Kompresa mimi naijua kama kiganja changu." Akaniinua kutoka kwenye ndoo, akanikumbatia, grisi ikaniingia kola. Jioni nzima ameshinda akimwelezea Shangazi bawa. Amemuuliza kama rubani huwaruhusu watu kuchungulia mitambo.

Ni kweli kwamba elimu ni mwanga. Shida ni kwamba haichagui wa kumwangazia.

Jumatatu, 17 Machi

Wameondoka.

Teksi ya mizigo ilikuja asubuhi. Jemadari aliingia kizimbani mwenyewe, akajilaza juu ya fulana ya kazini, akafumba macho kama mtu aliyeamua. Shangazi alimfunga ule mshipi wa marehemu, kisha akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema, "Haya, baba yangu, nyumba nakuachia. Usichemshe chochote bafuni." Barafu aliniachia mashati yake yote, hata yale ya chini ya mto. Akasema huko kwenye joto hayahitaji, na kwamba yameshakuwa dhana.

Gari lilipokata kona, Chozi alikuwa akinitazama kupitia nondo kwa lile jicho lake lenye msiba. Niliinua mkono. Nilibaki getini kidogo. Magari kadhaa yalipita. Niliingia ndani mvua ilipozidi.

Nimepita uchochoro wa nyuma ili nisionwe na kinyozi. Nikagongana naye uso kwa uso; alikuwa anamwaga maji. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia safari imesogezwa mbele kwa sababu za kitaalamu. Aliniamini. Akasema anaongeza neno BADO kwenye ile karatasi ya ukutani. Akaniona natetemeka na upara wangu, akavua sweta yake, akanivisha.

Ijumaa, 21 Machi

Nimetafakari kwa siku hizi zote, na kosa nimeliona. Liko wazi kabisa.

Ni kitambaa! Mashati yale yalikuwa ya pamba. Pamba haishiki harufu ya mvaaji wa mwisho. Inang'ang'ania ya zamani. Sufu ndiyo yenyewe. Nadharia yangu ilikuwa sahihi, malighafi ndiyo iliyoniangusha. Nashangaa daktari hakuliona hili.

Na bahati imebisha hodi! Mama mjane wa nyumba ya mbele naye anakwenda nchi ya joto mwezi ujao, kwa dada yake, pamoja na paka wake mnene wa kijivu. Anatafuta mtu wa kumsindikiza, kwani hawezi kubeba kapu la paka pamoja na mizigo. Nimemtembelea nikampa hotuba fupi. Amenikabidhi paka na kapu lake kwa siku chache, nimzoeze.

Nimechukua ile sweta ya kinyozi. Sufu tupu, nzito, ya miaka mingi. Nimeivaa nikisoma sura mbili nzima, kisha nikaitandika kapuni. Paka aliinusa, akaikanyagakanyaga, akajikunja, akaanza kunguruma. Mambo yameiva! Nimeshampelekea kinyozi taarifa kwamba lile neno BADO alifute.

Jambo moja tu limenishangaza. Alasiri kinyozi mwenyewe alikuja kunipongeza. Paka alitoka kapuni mbio, akapanda mguuni mwake hadi begani, akakataa kushuka. Imebidi kinyozi arudi dukani na paka shingoni.

Bila shaka ana nyama mfukoni.